UZI: Mtalii wa kwanza duniani, sanduku lenye miguu, na mimi ninayecheka peke yangu gatini

Kiguu_cha_Gati (#1)

Wadau asalaam aleikum, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama, mwenye kahawa yake avute mkeka.

Niko Lamu, Mkomani, nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni (jina msiniulize) na kabla ya hapo miaka kama sita nilikuwa natembeza watalii, yani nilikuwa bichi boi, sioni haya kusema, ndio kazi iliyowasomesha wadogo zangu. Sasa kule kazini wageni wakiondoka huacha vitu: mafuta ya jua nusu chupa, kofia, ndara ya mguu mmoja (mmoja tu, hii sijawahi kuielewa) na vitabu. Vitabu vyenyewe vingi ni vya wauaji na mapolisi. Mwezi uliopita nikaokota kimoja kimevimba kwa maji ya chumvi mpaka kikawa kama hamri, jalada linang'oka, The Colour of Magic cha Terry Pratchett, Muingereza, kilitoka 1983. Nilikichukua tu kwa sababu stima ilikuwa imepotea tangu magharibi na simu ilikuwa na asilimia nne.

Mwanzo nilitaka kukitupa. Ati dunia ni bapa kama sinia, sinia limebebwa na ndovu wanne, ndovu wamesimama juu ya kasa, na kasa anaogelea angani huko kwenye nyota. Nikasema haya, yaleyale. Manake mimi hizi hadithi za mapanga na mazimwi hunichosha, kila mtu anaongea kama anasoma hotuba ya Madaraka, yatima wa kijijini ndiye aliyetabiriwa, mlima una jina refu kuliko mlima wenyewe.

Halafu meli ikatia nanga, akashuka mtalii.

Mtalii wa kwanza kabisa kwenye ule mji. Hakuna mtu pale aliyewahi kumuona mtalii hata neno lenyewe hawanalo. Mji wa bandari, mchafu, wezi kila kona, na huyu bwana Twoflower anashuka na miwani yake na kitabu chake cha maneno ya kuombea chakula na kitanda, anayasoma kwa sauti kubwa kama watu wote viziwi, na mfukoni ana dhahabu tupu ambayo kwao si kitu, kwa hiyo chumba cha usiku mmoja anakilipia pesa za kununulia jengo zima na wapangaji wake. Anataka kuona ugomvi wa kilabuni, ugomvi wa kweli si wa kuigiza. Anaona kila kitu kizuri! Mtu amemnyooshea kisu yeye anasema lo, utamaduni.

Na anayemtembeza ni mchawi aliyefeli shule ya uchawi, jina lake Rincewind, lugha anazijua nyingi ila uchawi hana hata mmoja, kwa sababu kuna azima moja kubwa mno ilimrukia kichwani siku moja alipofungua kitabu asichoruhusiwa na tangu hapo nyingine zote zinaogopa kuingia kukaa nayo chumba kimoja. Akapewa malipo ya mbele, akataka kutoroka nayo, akashikwa, akaambiwa na mtawala wa mji huyu mgeni akipatwa na lolote wewe ndio utajibu.

Wallahi nilikaa kitako. Namjua yule mtu. Mimi nimekuwa yule mtu!

Nitawapa kimoja tu. Kuna mgeni, mzee wa watu, nilimpeleka Shela kwa miguu, maji yamekupwa tunapita ufukweni, akataka dafu. Wakati ule dafu ni shilingi hamsini. Akanipa noti ya elfu akasema asante rafiki, akageuka kutazama jahazi. Hakungoja chenji. Hakujua kama kuna chenji. Nilisimama na ile noti mkononi sekunde tatu hivi, upande mmoja shetani ananiambia nyumba hizi zina vichochoro wewe umezaliwa humu, upande wa pili namsikia mamangu. Nikamrudishia mia tisa na hamsini. Akazikataa, akidhani namuuzia kitu kingine. Tulisimama pale juani tunasukumiana pesa kama watu wawili kwenye harusi, na muuza dafu anatutazama tu kama wote wawili wazimu. Sasa soma kurasa thelathini za mwanzo za kile kitabu halafu uniambie huyo Muingereza hakuwahi kukaa kwenye gati letu.

Halafu sanduku. Mtalii ana sanduku la mbao za kichawi, lina miguu midogo midogo mamia, linamfuata bwana wake popote, hata akienda asikotakiwa kwenda. Ukilichokoza linakumeza. Na baadaye likifunguliwa wewe hupo tena, kuna nguo za bwana wake zimefuliwa na kukunjwa. Mimi nikasema huyu ni punda wa Lamu mtupu. Mliowahi kukutana na punda kwenye usita wa mui (kichochoro cha mjini), yeye na tofali zake, wewe na kapu lako, mnajua ni nani hurudi nyuma. Hakasiriki wala hasemi neno, anakuja tu.

Na kamera ya mtalii ndani yake mna kipepo kidogo chenye brashi. Ukibonyeza kinachora haraka haraka. Siku moja picha haitoki kwa sababu kipepo kimeishiwa rangi ya waridi. Basi. Hakuna maelezo ya laana wala unabii, rangi imeisha.

Na hapo ndipo nilipofika kwenye lile ninalotaka kusema, mnivumilie. Mimi nadhani utamu wa hizi hekaya za kuchekesha (wasomi wanaita fantasia) si vichekesho. Vichekesho viko kila mahali, simu imejaa. Utamu ni kwamba mwandishi akishakudanganya mara moja halali usingizi tena, anaufuata ule uongo wake mpaka mwisho kwa uaminifu kuliko sisi tunavyofuata ukweli. Kumbukeni Abunuwasi na sufuria. Kaazima sufuria kwa jirani, karudisha na kadogo ndani yake, kasema yako imezaa. Jirani kafurahi kachukua. Mara ya pili kaazima, hakurudisha. Iko wapi? Imekufa. Sufuria inakufa vipi? Ulipoambiwa imezaa ulisema nini? Hiyo ndio kanuni yote ya riwaya hizi. Ukikubali izae lazima ukubali ife, na matanga ukae. Wale wa mapanga na hotuba sufuria zao zinazaa tu, hakuna anayeuliza maziwa yanatoka wapi.

Sasa shida yangu, na ndio sababu ya uzi. Mwisho wa kitabu kuna kurasa zimechanika. Rincewind anafika ukingoni mwa dunia, ukingo kabisa, pale bahari inapomwagika chini, anang'ang'ania, anaponyoka, anaanguka. Kisha jalada. Nimetafuta chumba kile chote, nimeuliza mpaka mfua mashuka. Kuna mtu amechana mwisho. Mwenye nakala nzima tafadhali anipigie picha kurasa za mwisho.

Msomi_Njaa (#2)

Mkuu na umri huo bado unasoma vya sanduku lenye miguu? Nchi ina mambo ya maana ya kusoma. Haya mambo ni ya watoto au ya watu wanaokimbia maisha. Sitetei upande wowote nasema tu.

Mama_Kachiri (#3)

@Msomi_Njaa kaka yangu mimi nasimama mbele ya karai la mafuta tangu saa tisa alasiri mpaka isha, nikifika nyumbani nna haki ya kukimbia maisha nusu saa. Yakinitaka yanajua nilipo.

Mimi si Pratchett, mimi niliingilia kwa Diana Wynne Jones, Howl's Moving Castle, cha 1986. Wajapani wakakifanyia sinema ya katuni 2004, huyo Miyazaki. Watoto wangu wanajua sinema, mimi najua kitabu na nawaambia kitabu ndio chenye ulimi. Binti anaitwa Sophie, mfanya kofia, mpole, hajui kusema hapana. Mchawi mwanamke anamgeuza kikongwe. Nyie mngedhani atalia? Anafunga ushungi wake anaondoka nyumbani, na kuanzia hapo hakuna mtu anayemtisha. Anaingia kwenye ngome ya mchawi bila hodi, anaanza kufagia, anamgombeza mwenye nyumba. Ubinti wote hakuwa na mdomo, uzee kwa siku moja umempa.

Nilicheka kwa sababu nilimuona nyanyangu. Nyanyangu alikuwa akisimama kibarazani hapa Langoni anawaambia watu wazima wenye vyeo vyao "wee nimekuosha matako" na hakuna wa kumjibu.

Na jikoni mwa ile ngome mna moto ulio hai, unaitwa Calcifer, ni jini la moto, ana nguvu za kuendesha ngome nzima, lakini Sophie anamlazimisha ainamishe kichwa ili amuweke kikaango. Analalamika weee, ana hadhi yake, hapendi. Kinachokaangwa ni nguruwe hilo tumuachie mwenyewe, ila mimi tangu nimesoma hiyo siwezi kuwasha jiko bila kulisalimia.

Watamu_Kasa (#4)

Niko Malindi lakini kwetu Watamu. @Kiguu_cha_Gati nakupongeza kwa neno moja tu: umesema KASA. Nimeona mtu kwengine ameandika "kobe mkubwa anaogelea angani" nikataka kulia. Kobe anaogelea wapi! Mnyama yule ana mapezi, anapiga maji polepole, na sisi tunaowatoa kwenye nyavu huku tunajua ile sura yake, anakutazama kama amesikia haya yote miaka mia iliyopita.

Na kuna kitu kwenye kitabu hicho hicho. Wataalamu wa dunia ile wanahangaika kujua kasa ni dume au jike, hoja kubwa kabisa, mpaka kuna nchi inataka kuwateremsha watu kwa chombo ukingoni mwa dunia wakachungulie. Kwa Kiingereza lazima uamue utamuita nani. Kwa Kiswahili ni "yeye" na safari imeisha, wangeokoa pesa.

Msomi_Njaa nawe sikiza. Huyo Pratchett hakuanza kwa utani tu, alikuwa mwandishi wa habari za gazeti tangu kijana, halafu akawa msemaji wa shirika la umeme huko Uingereza, lile lenye vinu vya nyuklia. Mtu aliyewahi kuwaeleza waandishi kwamba kinu kiko salama kabisa msiwe na wasiwasi, huyo dunia anaijua. Soma Men at Arms, cha 1993. Kuna askari anaitwa Vimes, kakulia umaskini, anawaza kuhusu viatu. Kiatu kizuri ni dola hamsini, unakivaa miaka. Kiatu anachokimudu yeye ni dola kumi, msimu mmoja au miwili kishaingia maji. Kwa hiyo tajiri miaka kumi miguu mikavu kwa hamsini, na maskini muda huo huo ametumia mia na bado miguu imelowa. Wachumi wanaitaja mpaka leo. Imo kwenye kitabu chenye majitu ya mawe na mbilikimo.

Mimi nanunua ndara kila baada ya Ramadhani. Babangu ana makubadhi ya ngozi tangu niko darasa la nne.

Msomi_Njaa (#5)

Hiyo ya viatu nakubali. Lakini si angeiandika tu kwenye makala?

Watamu_Kasa (#6)

Ungeisoma?

Msomi_Njaa (#7)

...

BintiDaftari (#8)

Nimechelewa, nilikuwa nasahihisha. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, shule siitaji, na huu uzi umenigusa pabaya kwa sababu nimejaribu kuwatafsiria kidato cha pili kipande cha sanduku. Kipande tu, cha darasani.

Nikakwama sentensi ya kwanza. Sanduku LIMEkasirika au sanduku AMEkasirika? Mnacheka lakini kaeni mfikirie. Kiingereza kinabaki palepale, kitu ni kitu. Sisi ngeli inatusema. Ukiandika "amekasirika" tangu mwanzo umeshamwambia msomaji kitu hiki kina roho, umeua mchezo. Ukiandika "limekasirika" mpaka mwisho linabaki mbao.

Nilichofanya: nikaanza na LI. Sanduku lilikuwa kando ya mlango. Lilikuwa zito, lina kufuli. Mwizi akalisogelea, akaligusa kifuniko, akalipapasa. Sanduku akamtazama.

Darasa zima likalipuka. Kuna kijana wa nyuma ambaye huwa amelala kwa sababu alfajiri anakwenda baharini na babake, huyo ndiye aliyecheka mwanzo, kabla hata ya wale wa mbele. Sikueleza ngeli siku ile, walikuwa wameshaielewa. Niliwaambia tu Muingereza angehitaji aya nzima kufanya hivyo.

Lakini nilishindwa kabisa pale pa bima. Mliosoma mnajua, mtalii anamueleza mwenye kilabu kwamba kwao kuna watu unawalipa kidogo kidogo, jengo likiungua wanakulipa jengo. Yule mwenye kilabu hajawahi kusikia neno hilo, analisikia vipande vipande, limeandikwa vipande vipande vilevile, na anachokielewa ni kimoja: nikilipa kidogo halafu nyumba ikaungua mimi tajiri. Basi unajua kitakachofuata, na kitabu kimeanza na mji mzima unawaka moto tayari. Ule mchezo wa sauti hautafsiriki. Nani ana wazo?

Mama_Kachiri (#9)

Bi Ma.

BintiDaftari (#10)

??

Mama_Kachiri (#11)

Mtalii anasema "bima". Mwenye kilabu anasikia Bi Ma. Anadhani ni mwanamke. "Huyo Bi Ma anakaa wapi? Ana mali kiasi gani? Ameolewa?" Na mtalii anamwambia nyumba ikiungua Bima atakulipa, na meli ikizama Bima atalipa, na mume akifa Bima atalipa. Yule bwana anatoka nje anamwambia mkewe kuna bibi mmoja ng'ambo huko anapenda misiba ya watu.

BintiDaftari (#12)

Dada nakuazima hii bila kurudisha. Sufuria imekufa.

Mzee_wa_Daka (#13)

Asalaam aleikum nyote. Mimi ni mtu mzima, simu hii ni ya mjukuu wangu na yeye ndiye anaandika, mimi nasema. Nimesomewa uzi wote hapa dakani (barazani) yeo baada ya laasiri. Sanduku nimelicheka mpaka mato yametoka matozi.

Nataka kusema mawili. La kwanza, mnasema dunia juu ya kasa kama kwamba ni ajabu ya Muingereza. Sisi watoto tuliambiwa dunia iko juu ya pembe ya ng'ombe, ng'ombe yuko juu ya samaki, na ng'ombe akichoka hubadilisha pembe ndipo ardhi hutetemeka. Imo kwenye vitabu vya ajaibu vya Waarabu, Qazwini kaandika habari hizo karne ya 13. Bibi yangu alikuwa akiongeza yake, kwamba kuna mbu kazi yake ni kumuuma yule ng'ombe. Tulikuwa tukimuuliza mbu kakaa juu ya nini. Anatwambia laleni.

Na Liyongo je? Fumo Liyongo wetu wa huku Pate na Ozi. Muhammad Kijumwa wa hapa Lamu aliuandika utendi wake 1913. Mtu jitu, kafungwa gerezani, mamake anampelekea mkate wa wishwa, walinzi wanaudharau mkate mbaya, na ndani mna tupa ya kukatia minyororo. Halafu kufa kwake. Mwanawe kamchoma sindano ya shaba kitovuni, pale pekee panapomuua. Liyongo katoka hadi kisimani, kapiga goti, katia mshale kwenye uta, roho ikatoka vilevile amelenga. Mji mzima una kiu. Hakuna anayethubutu kwenda kuteka. Wanakwenda wazee kumtuma mamake ambembeleze, mama anamuimbia, maiti haisikii, wanasema lo leo ana hasira kubwa. Siku kadhaa mpaka alipoanguka. Sisi tukisomewa hapo tulikuwa tukilia na kucheka pamoja, na aliyekuwa akisoma hakuwa akitukataza.

La pili. Mjukuu ananiambia kwenye vitabu hivyo yumo Mauti, ni mtu, anazungumza, watu wanamcheka. Hapo mimi siingii. Malaika wa mauti si wa mzaha. Kila kitu kina mpaka wake.

Kiguu_cha_Gati (#14)

Mzee wangu shikamoo. Marahaba kwa mjukuu kwa kuandika. Hiyo ya Liyongo kisimani nimeijua maisha yangu yote na sikuwahi kuiona kama kichekesho mpaka sasa uliposema wazee wakamtuma mamake. Sufuria ile ile! Mkishakubali jitu haliuliki basi na maiti yake mtaingoja.

BintiDaftari (#15)

Babu shikamoo. Sikubishii, na darasani sijathubutu kukigusa kipande hicho, nina wazazi wa kujibu. Ila niruhusu nieleze alivyo ili asionewe. Kwenye vitabu vile si malaika wala hana mamlaka ya kuua. Ni mifupa mitupu yenye joho, anakuja tu wakati ukifika. Anapenda paka. Farasi wake mweupe, jina la farasi ni Binky, jina la kitoto kabisa. Maneno yake yote yameandikwa kwa HERUFI KUBWA bila alama za kunukuu, kwa hiyo kwenye ukurasa unamuona anakuja kabla hujaanza kusoma. Na kati ya wote mle yeye ndiye mwenye adabu zaidi, hamdanganyi mtu, hamcheki mtu. Wanaochekesha ni walio hai wanaobishana naye kuhusu saa.

Mwandishi mwenyewe 2007 alitangaza ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ule wa Alzheimer, akaendelea kuandika, vidole viliposhindwa akawa anasema na mtu au kompyuta inaandika, kama unavyofanya wewe babu na mjukuu. Alifariki Machi 2015. Riwaya za dunia ile sinia zimefika 41.

Kutafsiri ndiko kunakonishinda. "Kifo" ni ngeli ya KI, "kifo kilisema" inakuwa kama kijiko. "Ziraili" haiwezekani, hapo niko na wewe babu kabisa. "Mauti" bado ni zito. Nimefikiria kumuita Bwana Mwisho.

Mzee_wa_Daka (#16)

Bwana Mwisho sawa. Huyo anaweza kuwa na paka. Hapa Lamu hakuna asiye na paka.

Mjukuu anasema niongeze kwamba nimecheka. Sikucheka, nilikohoa.

Msomi_Njaa (#17)

Naomba niingie tena kwa adabu. Shaaban Robert, Kusadikika, 1951. Nchi inayoelea hewani kama wingu. Tuliisoma wote. Mshtakiwa Karama kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria, na anawahadithia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, kaskazini, kusini, mpaka mbinguni na ardhini, kila mmoja akirudi na jema la kufaa nchi anatiwa gerezani. Kama hiyo si hekaya ya kuchekesha ni nini? Alikuwa anawasema wakubwa wa enzi ya mkoloni waziwazi na nchi iko mawinguni hawawezi kumshika.

Mama_Kachiri (#18)

Kumbe unasoma vya nchi inayoelea! Na ile "kukimbia maisha" imekwenda wapi?

Msomi_Njaa (#19)

Niliisoma kwa mtihani.

Kiguu_cha_Gati (#20)

Hapo Msomi nakubaliana nusu. Dhana ni ile ile na mimi nilishangaa kurudi kuifikiria. Ila Shaaban Robert kila mtu wake anasema kwa tungo na mapambo, hata mfungwa. Ukitaka kucheka lazima awepo mmoja mle ndani mwenye njaa, aliyekanyaga mavi ya punda, anayeuliza hiki kikao kinaisha saa ngapi. Kusadikika nzima hakuna hata mmoja aliyechoka kusimama. Hiyo si lawama, yeye alikuwa na shughuli nyingine. Mimi nasema tu natamani mtu wa leo aichukue ile nchi ya angani aiweke muuza maji na foleni ya kitambulisho.

Sasa jamani mmenizungusha kote lakini hamjanijibu. Kurasa za mwisho?

Watamu_Kasa (#21)

Lo. Nilidhani mtu ameshakwambia.

Hazijachanika.

Kiguu_cha_Gati (#22)

Umesemaje?

Watamu_Kasa (#23)

Kitabu kinaishia hivyo. Anaanguka, basi. Waliokisoma 1983 walikaa miaka mitatu wakimngoja, kinachoendeleza ni The Light Fantastic, kilitoka 1986. Wewe umekaa mwezi mmoja unalalamika.

Kiguu_cha_Gati (#24)

Nimemnunia mfua mashuka wiki tatu. WIKI TATU. Mama wa watu ameapa kwa Mola hajachana kitu nami nikamwambia sawa mama kwa ile sauti. Kesho nna kazi ya kwenda kuomba radhi na sijui nianzie wapi, nimueleze kwamba kuna mtu ameanguka kutoka ukingoni mwa dunia?

Mama_Kachiri (#25)

Nenda na kilo ya sukari na halua. Usieleze.

Watamu_Kasa (#26)

Hicho cha pili ninacho. Kesho kuna ndugu yangu anapanda basi la asubuhi kuja huko kwa harusi, namkabidhi. Akifika Mokowe atampa mtu wa boti, wewe ngoja gatini. Kimefungwa gazeti. Usikilowanishe.

Kiguu_cha_Gati (#27)

Taarifa kwa wadau. Mama amekula halua, amesamehe, kisha akauliza huyo mtu alianguka wapi. Nimekaa namhadithia mpaka mashuka yakakauka.

Boti imefika saa kumi na nusu. Kitabu kimefika, kina harufu ya nguru. Ukurasa wa kwanza tu kasa yuko palepale anaogelea, hana habari na mtu. Narudi baadaye.

Mzee_wa_Daka (#28)

Mjukuu hapa, babu kalala. Anasema ukimaliza kilete dakani.